Mwongozo kwa Mhehe Anayeshuka Songea

Basi limepita Njombe, limepita Madaba, sasa limesimama stendi ya Songea. Wewe ni Mhehe, na umeingia nchi ya watani wako, Wangoni. Usiogope, ila usishuke kimya.

Anza na salamu. Mkubwa mpe shikamoo yake, ngoja marahaba, kisha uliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, kwa hiyo swali hilo halikosi jibu, na jibu lenyewe huwa refu. Lisikilize lote. Utani unaotangulia salamu ni ujeuri, na atakayekasirika atakuwa na haki.

Sasa taja kabila lako. Utaambiwa mbwa wa mtaa mzima wamefungiwa ndani tangu basi lako lilipoonekana, usije ukawala. Utaitwa mtumwa. Utadaiwa kodi ya babu yako. Usinune! Anayenuna ameshindwa, na faini atalipa yeye. Jibu papo hapo: sema umekuja kuwahesabu watumwa wako, na kwamba umesikia panya wote wa Matogoro wamehama kwa kuogopa sufuria za Wangoni. Ukishasema hivyo, nyamaza, umwachie mwenzako zamu yake. Mwenye kurusha maneno matatu mfululizo hataniani tena, anahutubia.

Ujue pia mnataniana juu ya nini. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Wajukuu wa safari hiyo walipigana na Wahehe kati ya 1878 na 1882, na vita vikaisha bila mshindi wa wazi, ndiyo maana kila upande unadai ushindi hadi leo. R. E. Moreau, aliyeandika kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944, aliona kuwa makabila mengi yanayotaniana yaliwahi kupigana. Mimi hili nalivulia kofia. Wazee walikuwa na sababu zote za kurithishana chuki, wakarithishana mzaha, tena mzaha wenye sheria. Mtu aliyelelewa humo anajua kusubiri zamu, kupokea neno kali bila kupandisha sauti, na kumwambia tajiri mbele za watu kwamba ni mchoyo, tajiri akacheka na bado akatoa. Semina za kuzungumza mbele ya hadhira hazijafika hapo.

Mipaka ipo. Usitanie ugumba, ulemavu wala mtoto aliyezikwa. Usimguse asiye mtani wako, hata akiwa anacheka. Na usilete mzaha kuhusu 1906. Tarehe 27 Februari mwaka huo Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa vita vya Maji Maji mjini hapa. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Ukifika Makumbusho ya Maji Maji pale Mahenge, hapahapa mjini, kaa kimya kama mwana wa nyumba hiyo.

Mtihani wa mwisho ni msiba. Hapo ndipo mtani hupimwa. Yeye huchimba kaburi, huchota maji, huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, huzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wanajikuta wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hakuna anayemfukuza, kwa kuwa tangu alfajiri alikuwa na jembe mkononi. Ruhusa ya kusema chochote ameipata kwa kazi. Ndiyo maana siyakubali hayo yanayoandikwa kwenye makundi ya simu, mtu anamkejeli mwenzake kwa kabila lake, akiulizwa anajibu, "Ni utani tu." Amewahi kumzika nani? Asiyekuja msibani hana utani, ana matusi.

Basi taniana na Wangoni uwezavyo, mchana sokoni na jioni kwenye pombe ya komoni. Lakini ukisikia mmoja wao amefiwa, usitume salamu za pole kwa simu ukakaa nyumbani. Nenda mapema, uliza jembe liko wapi, na anza kuchimba kabla hujafungua mdomo.