Una Shida Gani, Iago? Sababu Zake Nane, kutoka Hafifu hadi Nzito

Othello ya Shakespeare inaisha na maiti watatu kitandani, mwingine kaachwa barabarani, na mtuhumiwa mmoja aliye hai. Ana miaka 28, amefungwa, anavuja damu, na amegoma kujibu swali la pekee lililobaki: ulikuwa na shida gani?

Walimu wa fasihi wanalipenda swali hilo. "Jadili sababu za Iago, alama 20." Wanafunzi wanaandika "alinyimwa cheo", wanakunja karatasi, wanakwenda kula. Hatuwezi kuendelea hivi. Tamthilia hii iliigizwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza tarehe 1 Novemba 1604, na mpaka leo kesi haijafungwa. Kwa hiyo hapa chini kuna orodha rasmi. Ni rasmi kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza kuipanga.

Kwa waliokimbia kipindi, kisa ni hiki. Othello, jemadari mweusi wa jeshi la Venisi, amemwoa Desdemona bila baba mtu kujua. Iago, mshika bendera wake, anamtia sumu ya maneno kwamba bibi huyo anatembea na Cassio, luteni. Ushahidi uliotolewa: kitambaa cha mkononi. Hukumu iliyotekelezwa: kifo.

Vigezo vya kamati ni vitatu. Kwanza, Iago anamwambia nani? Akimwambia Roderigo, mteja wake tajiri, kata nusu, maana Roderigo ndiye anayelipa. Akiwa peke yake jukwaani, kwenye uzungumzi nafsia, tega sikio. Pili, anairudia sababu hiyo au anaitaja mara moja na kuitupa? Tatu, je, inaeleza kwa nini Desdemona afe? Kigezo hicho cha tatu kimeua sababu nyingi kwenye orodha hii kuliko watu aliowaua Iago mwenyewe.

8. Fedha za Roderigo

Roderigo ni tajiri aliyeamua kumtongoza mke wa mtu kwa kupitia wakala. Wakala ni Iago. Kila wanapokutana, ushauri ni uleule: kauze mali, jaza mfuko, vumilia. Vito vinavyotakiwa kumfikia Desdemona vinaishia kusikojulikana, ingawa sote tunajua.

Ila jiulize. Mtu anayetaka hela tu angebaki Venisi, akamkamua mteja wake taratibu mpaka uzeeni. Hana haja ya kuvuka bahari hadi Saiprasi, kuvunja ndoa ya jemadari, halafu kumchoma kisu mteja mwenyewe gizani siku alipoanza kudai vito vyake.

Hukumu: alama 1 kati ya 10. Hii ilikuwa posho ya safari.

7. Anampenda Desdemona

Ndiyo, anasema. Mara moja, tendo la 2, na papo hapo anaongeza kwamba si tamaa hasa, ni kisasi pia. Mapenzi ya namna hiyo hata shairi hayastahili.

Sababu hii ilipotoka ndipo penye utamu. Shakespeare alikichota kisa kutoka kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, aliyekichapisha mwaka 1565. Kwa Cinthio mambo ni mepesi: mshika bendera anampenda Disdemona, Disdemona hana habari naye, mapenzi yanachacha na kuwa chuki. Sababu moja, imeeleweka, twende nyumbani. Shakespeare akaichukua sababu hiyo nzima, akaibana kwenye mistari michache, kisha akarundika nyingine juu yake. Mwandishi anayekuta sababu nzuri na kuichafua makusudi ana lake jambo. Shika hapo.

Hukumu: alama 2. Moja ni ya heshima kwa marehemu Cinthio.

6. Anamshuku Cassio na mkewe, Emilia

Hii inapita kama pikipiki kwenye foleni. Ndani ya hotuba ileile ya tendo la 2, Iago anatupia kwamba anaogopa hata Cassio amewahi kuvaa kofia yake ya kulalia. Ushahidi hakuna, fununu hakuna, na hairudii tena.

Tukimwamini Iago, Emilia ndiye mwanamke mwenye shughuli nyingi kuliko wote katika jeshi la Venisi, na mwenyewe hana taarifa.

Hukumu: alama 2. Kofia ipewe uhuru wake.

5. Rangi na ugeni wa Othello

Naona mmeshakunja mikono. Subirini.

Onyesho la kwanza lote linapita bila jina la Othello kutajwa. Anaitwa kwa asili yake, kwa midomo yake, na Iago anasimama chini ya dirisha la baba mkwe usiku wa manane akimlinganisha na wanyama wa zizini. Mtu akiniambia hilo si chuki ya rangi, nitamwomba asome tena akiwa amekaa.

Na dunia ya nje ya jukwaa haikuwa na nafuu. Mwaka 1833, Edmund Kean alianguka jukwaani Covent Garden, London, akiigiza Othello. Aliangukia mikononi mwa Iago, ambaye siku hiyo alikuwa mwanawe wa kumzaa, Charles. Wiki chache baadaye Ira Aldridge, mwigizaji mweusi kutoka Marekani, akaishika nafasi hiyo, na baadhi ya magazeti ya London yakamshambulia kwa rangi yake. Ilipofika 1943, Paul Robeson alimwigiza Othello Broadway kwa maonyesho 296. Iago ana ndugu wengi, na si wote walioandikwa na Shakespeare.

Sasa kwa nini namba 5? Kwa sababu Iago anaitumia rangi zaidi kwa kuwachochea wengine: baba mkwe, Roderigo, hatimaye Othello mwenyewe, anayeishia kujitazama kwa macho ya adui yake. Na Cassio, mzungu kutoka Florence, anachukiwa vilevile. Rangi ni petroli. Mimi namtafuta mwenye kiberiti.

Hukumu: alama 6. Karamu ya matusi imefunguliwa rasmi, nipeni tu dakika nimalize.

4. Anamshuku Othello na mkewe, Emilia

Mke yuleyule, mtuhumiwa mpya. Ila hii ina uzito. Anaisema akiwa peke yake, na anairudia: mara ya pili anakiri kwamba wazo hilo linamtafuna matumbo. Tena Emilia mwenyewe, tendo la 4, anamkumbusha mumewe kwamba aliwahi kujazwa maneno akamshuku yeye na jemadari. Kwa hiyo ugomvi huu ulikuwapo nyumbani kabla pazia halijafunguliwa.

Kasoro iko kwenye mantiki. Iago anasema ni uvumi, hajui kama ni kweli, lakini atatenda kana kwamba ana hakika. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Iago hakutaka hata kungoja lije.

Na ona utaratibu wa kauli yake: kwanza anatangaza kwamba anamchukia Othello, kisha ndipo anaudandia uvumi. Chuki imefika mapema, sababu inakuja inahema nyuma yake.

Hukumu: alama 6 na nusu. Othello aliyedanganywa alidai angalau aoneshwe kwa macho. Mdanganyifu hakudai chochote.

3. Cheo

Haya, wapenzi wa cheo, simameni tuwahesabu. Hoja yenu naijua na ni nzuri. Wakubwa watatu wa mji walimwombea Iago uluteni. Othello akampa Cassio, mtaalamu wa mahesabu ambaye, kwa maneno ya Iago, hajawahi kupanga kikosi vitani. Iago ana jasho la vita, mwenzake ana vitabu. Yeyote aliyewahi kuona kijana mgeni akipewa ofisi yenye kiyoyozi ataguna pamoja naye.

Tatizo la kwanza: malalamiko haya marefu anamwambia Roderigo, na kanuni yetu tunaijua. Tatizo la pili ndilo la kuwamaliza. Fungueni tendo la 3, onyesho la 3, mistari ya mwisho kabisa. Othello anamtangaza Iago kuwa luteni wake. Amepata! Cassio alishavuliwa cheo tangu tendo la 2. Kiti kiko wazi, kiti kimekaliwa, na Desdemona bado anapumua. Kama shida ilikuwa cheo, tamthilia ingeishia hapo na sherehe fupi.

Badala yake luteni mpya anachapa kazi kwa matendo mawili mengine. Othello anapofikiria sumu, ni Iago anayependekeza amnyonge mkewe kitandani. Hakuna jeshi lenye kazi hiyo kwenye majukumu ya luteni.

Hukumu: alama 7. Inaeleza alivyoanza. Haielezi kwa nini hakuacha.

2. Anajifurahisha tu

Hapa tunaingia kwa mabingwa. Mshairi Samuel Taylor Coleridge alisema Iago ni ubaya usio na sababu unaozunguka kujitafutia sababu. Mshairi mwingine, W. H. Auden, alimwona kama mtu wa kufanyia wenzake mizaha, ila mizaha inayoua.

Na ushahidi upo. Iago anakiri kwamba anamtumia Roderigo kwa burudani na faida. Baada ya usiku wa kumlewesha Cassio na kuzusha ugomvi, anashangaa kumekucha, maana raha hufupisha saa. Anasema nasi watazamaji kana kwamba tumelipwa naye. Anapata mistari mingi kuliko Othello, ambaye jina lake ndilo liko kwenye bango. Waigizaji wanajua utamu ulipo: mwaka 1881, kwenye ukumbi wa Lyceum jijini London, Edwin Booth na Henry Irving walikuwa wakibadilishana nafasi hizo mbili.

Sababu hii imekosea wapi isiwe namba 1? Mwenye kucheza tu angechezea yeyote. Iago anachagua. Hamgusi mtu mbaya hata mmoja. Kwa nini shabaha zake ni wale wale?

Hukumu: alama 8. Raha anayo, ila raha ni mshahara. Aliyemwajiri ni mwingine.

1. Husuda

Tendo la 5, giza, Iago anasubiri Cassio auawe. Hapo, bila kuombwa, anasema jambo ambalo hajawahi kulisema: Cassio ana uzuri fulani wa kila siku katika maisha yake, na uzuri huo unamfanya yeye Iago aonekane mbaya. Hataji cheo, hataji kofia, hataji mke.

Rudi nyuma sasa na sentensi hiyo mkononi. Tendo la 2 alishakiri kwamba Othello ana tabia thabiti, ya upendo na ya kiungwana. Anakiri halafu anapanga kumwangamiza! Desdemona naye, anasema, atamtegea wavu uliofumwa kwa wema wake mwenyewe. Angalia silaha zote: Othello anaangushwa kwa kuamini watu, Desdemona kwa huruma yake kwa Cassio, Cassio kwa adabu zake kwa mabibi. Kila mtu ananyongwa kwa kamba ya jambo jema alilonalo. Roderigo, asiye na jema la kuonewa gere, anakamuliwa tu na kutupwa.

Hiyo ndiyo sababu inayoeleza kwa nini kupewa cheo hakukumtuliza. Cheo unaweza kupokonywa na kupewa mwingine. Uungwana huwezi kuuhamisha kwa barua ya ofisi. Ukiukosa, njia iliyobaki ni kuhakikisha hakuna mwenye nao.

Hoja ya mpinzani naikubali: hii ameitaja mara moja tu, kigezo cha pili kinaifelisha. Lakini hasidi gani anayetangaza husuda yake? Mwenye husuda atakupa sababu saba za heshima kabla ya kukupa ile ya kweli. Wingi wenyewe ndio ushahidi, na nadhani ndiyo maana Shakespeare aliivuruga ile sababu safi ya Cinthio. Coleridge alihangaika kulieleza hili. Khanga zetu zimelieleza kwa maneno matatu, pindo kwa pindo: hasidi hana sababu.

Hukumu: alama 9 na nusu. Nusu nimeibakiza kwa ajili ya wabishi.

Nje ya orodha: ukimya

Mwishoni Othello anauliza kwa nini alinaswa roho na mwili, na msemaji mkuu wa tamthilia nzima anafunga mdomo, anaapa hatasema neno tena. Ajabu ni kwamba Disney, kwenye Aladdin ya 1992, walimpa jina la Iago kasuku asiyejua kunyamaza.

Kunyamaza kwake wengi wanakuita ujasiri, au kiburi cha mwisho. Mimi naona aibu. Cheo angekitaja mbele ya mabwana wa Venisi, wangemwelewa. Mke angemtaja, wangemhurumia. Ila kusimama mbele ya kitanda kile na kusema "walikuwa wema kuliko mimi"? Bora mateso.

Mwalimu Nyerere alitutafsiria Mabepari wa Venisi ya Shakespeare huyuhuyu, ikatoka mwaka 1969, lakini huyu mtu wa Venisi hakumgusa, kwa hiyo hatuna hukumu ya Ikulu ya kututenganisha. Bishaneni. Sharti ni moja: njoo na tendo na onyesho, si "mimi nahisi". Na wewe wa "alinyimwa cheo, alama 20", usianze kuandika kabla hujanieleza yule luteni mpya alikuwa anatafuta nini tena.