Ombi la Kutangazwa Nchi ya Nje

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: KUVAMIWA KWA BARABARA YA LAMU

Sisi ni abiria wa basi la Lamu. Tunakuandikia tukiwa kando ya barabara, maana tumeshushwa tena. Wanaume huku, wanawake kule, kipande mkononi. Wenye fulana za mpira wamekwisha kurudi vitini. Sisi wa kanzu na baibui bado tunapigwa msasa. Mzee mmoja, kofia ya vito kichwani, anaulizwa alizaliwa wapi, na baba yake wapi, na babu yake je? Yule anayetaka kujua sisi ni nani hana jina kifuani wala nambari begani, kwa hivyo hata tukitaka kumshukuru hatujui tumwiteje.

Hatulalamiki, Mheshimiwa. Tunajua huu ndio usalama, na kwamba mliufuata mbali, ng'ambo ya mpaka, Somalia, tangu tarehe 16 Oktoba 2011. Sababu ilikuwapo: mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa, Mfaransa wa kiti cha magurudumu akatekwa Manda, wahudumu wawili wa misaada wakanyakuliwa Dadaab, yote ndani ya wiki tano. Operesheni mkaiita Linda Nchi. Tulishangilia, na huku Pwani pia tulishangilia, kwani mikate ya watu wa Lamu inatoka kwa watalii haohao.

Nchi ikalindwa. Jengo la maduka la Westgate, 2013, wakafa 67. Mpeketoni na vijiji vya jirani, 2014, zaidi ya 60. Chuo Kikuu cha Garissa, 2015, 148, wengi wao watoto wa watu waliokwenda kusoma. Hoteli ya DusitD2, 2019, 21. Ugaidi hamkuuleta ninyi. Tulizika watu 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi, na tukazika tena hoteli ilipolipuliwa Kikambala 2002. Wala hatusemi bunduki haifai kitu: Al-Shabaab waliondoka Mogadishu Agosti 2011 kwa sababu Waganda na Warundi waliwasukuma mtaa kwa mtaa, na Kismayu nako mliwatoa ninyi mwaka uliofuata. Mji unaweza kutekwa. Tunachouliza ni kitu gani hupelekwa baada ya mji kutekwa, na kama kitu hicho kipo, mbona sisi hatujapata kukionja.

Ndipo linapokuja ombi letu. Tumesoma habari za kazi zenu huko Somalia na, kusema kweli, tumeingiwa na wivu. Mnatibu wagonjwa bila malipo. Mnapeleka maji. Maofisa wenu wanaketi na wazee wa mji wakinywa chai. Askari, kabla hajapelekwa, hufundishwa haki za binadamu darasani. Yaani mafunzo hayo yako hapahapa nchini, ila huanza kufanya kazi akishavuka mpaka.

Kwa hivyo tunaomba barabara kutoka Garsen hadi Mokowe, pamoja na vijiji vyake, itangazwe nchi ya nje.

Tumelifikiria kwa kina. Mpaka uwe Garsen, penye Mto Tana, na forodha iwe gati ya Mokowe. Bendera tutashona wenyewe, mafundi wapo. Rais wetu tutamchagulia uwanja wa Kasarani, Nairobi, kama Wasomali walivyomchagulia Abdullahi Yusuf hapohapo Oktoba 2004. (Tunafahamu kwamba Aprili 2014 Kasarani ileile ilitangazwa kituo cha polisi na Wasomali wakafungiwa humo. Sisi tunaomba ile huduma ya 2004.) Tukishakuwa taifa, mtuvamie. Tutawapokea kwa halwa na kahawa chungu. Ujumbe wenu wa Umoja wa Afrika mwaweza kuubadilisha jina kila baada ya miaka michache, AMISOM, ATMIS, AUSSOM, hatutachanganyikiwa. Tumezoea barabara yenye askari walewale na majina mapya. Posho nayo wapo wa kuilipa: kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya uligharimia dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, na serikali ikikata takriban 200. Kwa nchi ya nje pesa hupatikana. Kwa kaunti ya nyumbani huwa bajeti haijapita.

Faida kubwa zaidi ni hii: tutakuwa wageni. Mgeni akionyesha pasipoti hugongewa muhuri na kuambiwa karibu. Babu yake haulizwi.

Isitoshe, katika nchi ya nje mtu akiuawa kuna anayeandika. Kuna waangalizi, kuna ripoti, kuna mkutano wa wadau hotelini. Kijana akichukuliwa usiku Majengo, Mombasa, mamake akaenda kituoni, huambiwa: mtoto wako amekwenda Somalia. Mama ameona gari. Ameona bunduki. Amewaomba wamwache avae viatu. Na anaambiwa amekwenda Somalia! Mnathubutu vipi kuvuka mpaka kwenda kuuza haki, na rafu za duka lenu la nyumbani ni tupu? Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyetuhumiwa kuunga mkono Al-Shabaab, alipigwa risasi barabarani Agosti 2012. Mhubiri mwenzake, aliyejulikana kama Makaburi, alipigwa risasi Aprili 2014 nje ya mahakama ya Shanzu, nje ya mahakama, Mheshimiwa. Haki ilikuwa hatua chache tu. Kama walikuwa na hatia, hakimu alikuwamo ndani. Hakuna aliyehukumiwa kwa damu ile, na kila mwenye kusajili vijana kwenda msituni amekuwa akiitumia toka siku hizo. Ninyi ndio mliomwandikia hotuba.

Tuwie radhi. Jua ni kali, na hatujaruhusiwa kupanda.

Kuna maombi mengine madogomadogo, utayajibu ukipata nafasi. Idadi ya wanajeshi wetu waliokufa katika kambi ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016: Rais wa Somalia alinukuliwa akitaja karibu 200, ninyi mkamkanusha, kisha mkanyamaza. Wake zao wanajua kuhesabu. Ile tume ya uchunguzi wa Westgate iliyoahidiwa na Rais wa wakati huo: je, nayo ilitekwa? Mkaa wa Kismayu, ambao Baraza la Usalama liliupiga marufuku Februari 2012 na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba uliendelea kupakiwa mkiwa hapo: mlikanusha, tumesikia, lakini tungependa kusomewa hesabu. Na tarehe ya wanajeshi wetu kurudi nyumbani, hata kwa kukisia.

Ikiwa ombi la kuwa nchi ya nje litachukua muda kupita bungeni, basi kwa sasa tufanyieni hili moja tu. Andikeni majina ya vijana wote waliochukuliwa kutoka Lamu, Malindi, Mombasa, Kwale na Garissa tangu mwaka mlipovuka mpaka. Walio hai wafikisheni mahakamani. Waliokufa, tuonyesheni walikozikwa.

Wako mtiifu,
Abiria, kwa niaba ya walioshushwa.