Namna ya Kuwinda Kimondo Bila Kuuziwa Mavi ya Chuma

Kabla hujanunua sumaku, na kabla hujawatangazia watu wa nyumbani kwamba mnahamia Masaki, ipokee habari hii ukiwa umekaa: lile jiwe jeusi na zito ulilolifukua shambani kwa shangazi si kimondo. Karibu kila jiwe linalofikishwa kwa wanajiolojia kwa jina hilo huwa ni kitu kingine, na kwetu kitu hicho mara nyingi ni mavi ya chuma. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kumpita mtu. Majirani zao Wanyiha wa Mbozi nao walikuwa wahunzi. Kazi ile iliacha malundo ya masalia meusi, mazito, yenye kuvutwa na sumaku. Ukiyaokota unaokota historia ya wahunzi wetu, tena historia tukufu, lakini haikutoka angani.

Basi somo la kwanza ni matundu. Jiwe lako likiwa na vitundu vya mapovu kama kitumbua, lirudishe ulikolitoa. Kimondo kwa kawaida hakina mapovu. Kilichoanguka karibuni huvaa ganda jembamba jeusi, lililoungua angani, na ndani yake huwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Aghalabu uso wake una mabonde madogo ya upana wa kidole gumba, yaliyochongwa na hewa wakati kinashuka kwa kasi. Pembe zake zimelainika. Ukikivunja kipande kidogo na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, katika aina zilizo nyingi utaona chembe za chuma zinazometa, na vijipande vya mviringo vidogo kuliko punje ya mtama. Vijipande hivyo viliganda katika anga kabla Dunia haijaumbika. Nimewaona watu wazima wenye madaraka wakinyamaza ghafla wanapoambiwa hivyo, na hawakukosea kunyamaza.

Somo la pili ni kigae. Tafuta kigae cha bafuni, kigeuze upande wa nyuma usio na rangi ya kung'aa, ukwaruze jiwe hapo. Likiacha mstari mwekundu wa kahawia, hiyo ni hematiti. Likiacha mstari mweusi, ni magnetiti. Zote mbili ni madini ya kawaida ya chuma, na zote mbili zimewavunja moyo watu wengi kuliko mapenzi. Kimondo kibichi huacha alama hafifu au hakiachi kabisa. Baada ya hapo pima uzito. Granaiti hubeba gramu 2.7 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kimondo cha mawe cha kawaida hubeba zaidi ya gramu 3, na cha chuma karibu 8.

Sumaku nimeiacha nyuma makusudi, kwa sababu ndiyo inayokimbiliwa kwanza na ndiyo inayoharibu. Vimondo vingi huvutwa na sumaku, ni kweli. Lakini mawe mengine ya angani yamehifadhi kumbukumbu ya nguvu ya sumaku ya kule yalikotoka, na sumaku kali ya dukani ikigusishwa tu huifuta kumbukumbu hiyo moja kwa moja. Jiwe limeitunza kwa miaka bilioni kadhaa, wewe ukaimaliza kwa sekunde moja ukiwa na sumaku uliyoing'oa kwenye spika! Tumia dira. Isogeze karibu na jiwe, uone kama mshale unayumba. Inatosha.

Sasa jifunze kwa mwalimu mkubwa tuliye naye. Panda gari linaloelekea Tunduma kutoka Mbeya, shuka wilayani Mbozi, uulize njia ya kwenda kwenye kimondo. Utakikuta kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, urefu wa mita 3 hivi, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Asilimia 90 ni chuma, inayobaki sehemu kubwa ni nikeli. Wenyeji walikijua siku nyingi. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja aitwaye W. H. Nott ndiye aliyeandika habari zake na kuzipeleka kwa watu wa nje, na mwaka huohuo wataalamu wakaenda kukata kipande kidogo cha kupimia. Msumeno ulitaabika kwa saa nyingi ili upate kisehemu kisichozidi kiganja. Kiguse. Zoea ubaridi wake, rangi yake, mabonde yake. Atakayekuuzia jiwe jepesi lenye mapovu baada ya hapo atakuwa anapoteza muda wake.

Kuhusu mahali pa kuwinda, nitasema ukweli hata kama utauma. Nchi zenye mvua na misitu huvila vimondo. Chuma hushika kutu, jiwe humung'unyika, majani hufunika kilichobaki. Wawindaji wanaofanikiwa huenda kwenye jangwa la mawe meupe, kama nyanda za chokaa za Oman, ambako jiwe jeusi huonekana kutoka mbali. Ukiwa na ndugu Muscat usianze kufunga mizigo. Oman ina sheria zake, na mwaka 2011 wawindaji wawili Wamarekani walitiwa jela kule kwa kazi hiyohiyo. Chalbi, kaskazini ya Kenya, ni pakavu na peupe, lakini pembeni pametapakaa mawe meusi ya volkano yatakayokufanya uiname na kuinuka mpaka kiuno kikome. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila avumilie pia kuambulia basalti mara elfu.

Kwetu nafasi iliyo bora ni kimondo kilichoonekana kikianguka. Hapo mwindaji hodari hatumii miguu kwanza, hutumia masikio. Moto mkubwa ukipita angani, kila shahidi ataapa kwamba kitu kimetua nyuma ya kile kilima pale. Atasema hivyo mtu wa Tabora, na atasema hivyo mtu wa Mwanza, na wote wawili ni wakweli kwa macho yao. Mwanga ule huzimika jiwe likiwa bado juu sana, kwa kawaida kilomita 15 na zaidi kutoka ardhini. Kisha jiwe hushuka gizani kwa dakika kadhaa, halina moto tena. Kwa hiyo usimuulize shahidi kimeangukia wapi. Muulize alisimama wapi, alitazama upande gani, na kati ya mwanga na kishindo zilipita sekunde ngapi. Kila dakika moja ya kusubiri kishindo ni umbali wa kilomita 20 hivi. Kama hakusikia kitu, kilikuwa mbali mno. Ukipata mashahidi watatu wa sehemu tofauti, chora mistari kwenye ramani. Na usiwapuuze watoto wachungaji. Wao huwa nje muda wote, na wanalijua kila jiwe la malisho yao.

Mbale, Uganda, ndiyo darasa la jambo hili. Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika arobaini alasiri, kimondo cha mawe kilipasuka juu ya mji na kumwaga vipande katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Muda si mrefu wataalamu kutoka Uholanzi na wenzao wa Uganda walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Walipata mahali 48 palipoangukiwa, kuanzia kipande cha gramu 0.1 hadi kimoja cha kilo 27.4. Kipande cha gramu 3.6 kiligonga majani ya mgomba, kikateleza, kikamwangukia mtoto kichwani bila kumdhuru. Vikubwa hutangulia mbele kuelekea kule jiwe lilikokuwa linakwenda, vidogo hubaki nyuma. Ukijua upande mmoja, unaweza kutabiri ule mwingine, na hapo uwindaji unageuka hesabu.

Mbale ina sehemu nyingine, na hapa sina utani hata kidogo. Baadhi ya watu waliyasaga mawe yale na kuyanywa wakitumaini yatawaponya UKIMWI. Miaka ile dawa za kuaminika hazikuwapo, na mtu anayezika ndugu kila juma hushika lolote. Siwacheki. Ninaowacheka, tena kwa sauti, ni wanaozunguka leo na mawe yanayozima simu, yanayovuta mchele, yanayokataa kupigwa picha. Jiwe likizima simu yako, ichaji. Kimondo hakina muujiza wa kuuzwa kwenye gunia usiku wa manane. Ni madini ya silikati na chuma, na maajabu yake yote yanaonekana mchana kweupe kwa kioo cha kukuzia.

Tena kimya kimya tu tuliangukiwa na hazina ambayo maabara za dunia nzima zinaiota. Tarehe 16 Desemba 1938 huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, mahali palipojulikana tangu kale kwa chumvi, zilianguka gramu 700 hivi za jiwe jeusi laini. Jiwe lile lina kaboni, lina maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na mchanganyiko wa elementi zake unafanana na wa Jua lenyewe ukiondoa gesi nyepesi. Aina hiyo ni adimu hivi kwamba imeonekana ikianguka duniani, katika kumbukumbu zote zilizothibitishwa, mara 5 tu. Kundi zima linaitwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Wajapani walirusha chombo chao Hayabusa2 mwaka 2014, kikaenda kwenye asteroidi ya Ryugu, kikarudi Desemba 2020 na gramu 5.4 za mchanga. Walipoupima waliukuta ni jamaa wa karibu wa jiwe la Ivuna. Miaka sita ya safari, na maada ileile iliwahi kujileta yenyewe Rukwa bila nauli.

Jiwe la namna hiyo hufyonza unyevu na kubomoka. Linahitaji kuokotwa kabla ya mvua, na Desemba kule ni wakati wa mvua. Ndiyo maana ninakusihi: jiwe lililoanguka leo usilioshe, usilipake mafuta, usilijaribu kwa maji wala kwa tupa. Lifunge kwa karatasi ya alumini safi, liweke pakavu, mikono yako iwe na glavu ukizipata.

Tuje sokoni. Vimondo huuzwa kwa gramu, kwa mizani ya sonara. Soko kubwa la mwaka hukutana Tucson, Arizona, kuanzia mwishoni mwa Januari, na madalali wengi hununua Morocco, katika miji kama Erfoud. Jiwe la kawaida huenda kwa dola moja au chache kwa gramu. La Mwezi au Mirihi linaweza kufika mamia. Hesabu hiyo inatosha kumwonyesha aliyekuahidi bilioni kwa mfuko wa kokoto kwamba anakuingiza mjini. Muuzaji wa kweli hutaja jina rasmi la jiwe, na jina hilo linapatikana katika orodha ya Meteoritical Society, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1933. Jiwe lisilo na jina humo halijathibitishwa na mtu. Ili kulipatia jina, sharti asilimia 20 ya uzito wake au gramu 20, ile iliyo ndogo, ihifadhiwe katika taasisi inayotambulika. Usione uchungu kukitoa kipande hicho. Ndicho kinachokufanya uwe na kimondo badala ya hadithi.

Kinacholipa thamani jiwe ni mahali na saa lilipoangukia. Tarehe 16 Julai 2011 mawe yalianguka karibu na Thika, upande wa Kihumbuini. Jumla yaliyoorodheshwa ni kilo 14 hivi. Wanunuzi kutoka ng'ambo walifika na fedha mkononi, na vipande vikatawanyika kwenye makabati ya nchi za mbali. Mkulima aliyeuza simlaumu, ada za shule hazisubiri makumbusho. Ila laiti angejua bei ya gramu kabla ya kujadiliana, na laiti angeulizwa kwanza na mtu wa serikali yake mwenye mizani na fedha. Mmarekani Harvey Nininger alilijua hilo mapema. Kuanzia miaka ya 1920 alizunguka vijijini akiwafundisha wakulima kuvitambua vimondo, akiwalipa waliompelekea, na mkusanyo wake ukawa miongoni mwa mikubwa duniani. Alianza na elimu, akamalizia na bei. Sisi tunaanza na bei, elimu inakuja kwenye gazeti baada ya jiwe kupanda ndege.

Hata huko El Ali, Somalia, wafugaji walikuwa na jiwe la chuma la tani 15.2 ambalo vizazi vyao vililijua na kulinolea visu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kipande cha gramu 70 kutoka humo kina madini mawili yasiyowahi kuonekana katika maumbile, na moja likaitwa elaliiti. Jiwe lenyewe lilikwisha ondolewa na kusafirishwa hadi China likisubiri mnunuzi.

Kwa hiyo ukiliona jiwe likianguka, au ukikuta moja lililofaulu mtihani wa matundu, wa kigae na wa dira, fanya hivi leo, usingoje kesho. Lipige picha lilipo kabla ya kulinyanyua, ukiweka rula au sarafu pembeni. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Andika saa, na majina ya waliokuwapo. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji mbele ya mashahidi, kisha mpigie mwanajiolojia wa chuo kikuu au wa makumbusho ya taifa aliye karibu. Uliza sheria kabla ya kuuza hata gramu moja. Na ukiuza, kipande kimoja kibaki nchini, chenye jina la kijiji chako.