Seva Imekula Mchana

Ami yangu anauza halwa Nizwa, na tangu maagizo yaanze kuingia kwa tovuti, hofu yake kubwa ni kuamka siku moja akute tovuti imetoweka na bei zake zote. Kwa hiyo kila usiku saa nane, programu ndogo niliyoiandika nyumbani Ibra inaamka kwenye seva iliyoko Ujerumani, inanakili kila kitu, inafungua folda mpya, inaiandika tarehe. Mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, ili folda zijipange zenyewe.

Ami alitaka kuuona mstari unaoamrisha yote hayo. Nikamfungulia: sifuri, ishirini na mbili, nyota tatu.

"Nyota zipi?" akauliza.

Hakuwa anatania. Amekulia kwenye mitende inayonyweshwa na Falaj Daris, mfereji ambao UNESCO iliutia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na kwa watu wa falaji zamu ya maji lilikuwa jambo la nyota kweli. Mchana wazee walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa. Usiku walingoja nyota fulani itokeze juu ya mlima fulani, na mwenye zamu akafungua athari yake ya maji, kiasi cha nusu saa, awe macho au awe anasinzia. Nikamweleza kuwa nyota zangu maana yake ni siku yoyote, mwezi wowote. Akanitazama kwa huruma. Nyota isiyo na jina itanywesha shamba la nani?

Nyota zilituacha salama. Tarehe ndizo zilizotutoa jasho. Seva inafuata saa za Greenwich, na Oman imetangulia kwa saa nne. Saa nane za usiku kwetu, kule bado ni saa nne za usiku wa jana, basi nakala ninayoiita ya Ijumaa inapachikwa tarehe ya Alhamisi. Na Ami naye ana hesabu yake: siku ikizama jua imekwisha, na usiku wa Ijumaa unaanza Alhamisi magharibi.

Ijumaa ya 28 Machi 2025, Idi inanukia, watu wamejaa kwenye habta, soko la kuelekea Idi, wakigombea mbuzi, kijana wa dukani alitaka kufuta bei moja akafuta ukurasa mzima. Mimi nilikuwa safarini, simu haishiki. Jumamosi Ami akampigia mtoto wa shangazi aliyeko Sur, ambaye neno la siri analo.

"Nirudishie ya usiku wa Ijumaa."

Yule akaenda moja kwa moja kwenye folda ya tarehe 28, iliyonakiliwa usiku wa kuamkia Jumamosi, akairudisha: ukurasa mtupu, msafi. Akaona heri arudi nyuma. Sasa mtu wa Sur, ukoo wa manahodha, ukimwambia arudi nyuma hatii nanga karibu. Alikwenda kutia Januari. Bei zikarudi kweli, bei za Januari, na hadi kufika futari nusu ya Maskati ilikuwa imeshaambiana. Ami akasema bei ikishatajwa imetajwa. Akawauzia wote, halafu akanitumia ujumbe wa sauti ambao mpaka leo sijaufikisha mwisho.

Amri ikatoka: kuanzia usiku ule folda ziandikwe kwa Hijria, tarehe ambayo Mwislamu haibabaikii. Nikaihamishia programu saa za Oman, nikaiunganisha na kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia, nikalala.

Asubuhi ya Jumapili, midomo imemkauka, Ami akafungua kompyuta akakuta folda inameta: 1446-10-01.

"Shawwal? Mwezi kauona nani?"

Hakuna aliyeuona, si Oman. Saudia walikuwa wanaswali Idi muda uleule. Sisi tulikuwa tunakamilisha thelathini, Idi yetu Jumatatu. Nikamweleza kuwa Ummul-Qura ni kalenda ya hesabu, imepangwa miaka mbele, haipandi mlimani kutafuta mwezi.

"Kwa hiyo seva yangu imekula, na sisi tumefunga?"

"Ni jina la folda tu, Ami."

"Jina la folda ndilo lililoniuzia halwa kwa hasara." Akafikiri kidogo. Uamuzi wake ukawa kwamba Shawwal niizime siku moja, toka alfajiri mpaka magharibi, ilipe.

Nikamwambia kuizima ni kuzima na maagizo. Isitoshe, ile programu mchana haigusi kitu. Inakula saa nane za usiku, dakika chache, basi.

"Mchana haili kitu? Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Basi iache," akasema. "Inafunga kuliko wewe."