Barua ya Wazi kwa Watunza Jalada la Ziwa Natron

Waheshimiwa,

YAH: PENDEKEZO LA KUBAKIZA PICHA NA KUWAPUNGUZIA NDEGE USUMBUFU WA KUZALIWA

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Barua hii naielekeza kwa ofisi yoyote iliyowahi kushika, inayoshika au itakayoshika jalada la magadi ya Natron, kwa maana ni jalada linalofungwa bila kufungika. Mwaka 2006 Shirika la Maendeleo ya Taifa na kampuni ya Tata Chemicals walileta mpango wa kuvuna tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Mwaka 2008 kampuni ikajitoa. Mwaka 2011 serikali ikasema nia bado ipo. Jalada la namna hii halikosi siku ya kufunguliwa tena, kwa hiyo naomba ushauri wangu uwekwe humo mapema. Nao ni huu: kama tunachohitaji kwa heroe, hao ambao wengi tunawaita flamingo, ni sura zao kwenye kalenda, mabango na vipeperushi vya utalii, basi picha tunazo za kutosha. Ndege mwenyewe, pamoja na madai yake ya maji, matope na utulivu, anaweza kustaafishwa kwa heshima zote.

Ninyi mnapenda ushahidi, na ushahidi wa picha uko upande wenu. Angalieni picha zilizowapa heroe jina: ni za Nakuru, za Bogoria, za Manyara, za Momella, mahali ambapo gari linafika ukingoni na mgeni anapiga picha huku amekaa. Natron ina wageni wake na picha zake za ukingoni, lakini viota havimo. Viota ni vichuguu vya matope vilivyojengwa mbali katikati ya ziwa, juu ya ukoko wa chumvi usiobeba uzito wa mtu. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuviendea kwa miguu, magadi yakamuunguza, akaishia hospitalini. Mlima wa Ol Doinyo Lengai unapigwa picha kila siku na ziwa lililo chini yake linatokea kama uwanda mweupe mtupu. Anayepanga uchumi kwa kuangalia picha ana haki ya kuuliza: hapo kuna nini cha kupoteza?

Kuna kila kitu kilichomo katika zile picha nyingine. Natron ndipo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo huzaliana kwa kawaida, na takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani chanzo chao ni hapo. Yule anayepamba bango la Nakuru hakuzaliwa Nakuru. Alitoka kwenye yai moja, maana kila jozi hutaga moja tu, kwenye matope ambayo fisi na mbweha hawathubutu kuyakanyaga. Ukali wa magadi, ambao mpangaji anauona kama ubovu wa ardhi, ndio ukuta wa wodi ya wazazi. Kuwasifu heroe wa Nakuru huku tukiichimba Natron ni sawa na kusifia maandazi huku tukiuza karai.

Nawahakikishia kwamba mkiendelea, hakuna atakayewashtukia upesi. Heroe huishi miongo kadhaa. Uzazi ukikoma Natron mwaka huu, wale wazima wataendelea kuruka kutoka ziwa hadi ziwa, wakila mwani uleule unaowapa rangi ya waridi, na wapiga picha wataendelea kurudi na picha nzuri ajabu. Mtoto aliye darasa la kwanza leo anaweza kumaliza chuo kikuu kabla bango halijaanza kusema uongo waziwazi. Kufikia hapo waliosaini watakuwa wamestaafu. Mradi gani mwingine wa umma unatoa muda mrefu namna hiyo bila swali la mkaguzi?

Na hata wale wazima wakiisha, njia ipo. Mwaka 2013 dunia ilishangazwa na picha za Nick Brandt: ndege wa Natron waliokauka kwa chumvi, wamesimama kwenye matawi kama walio hai. Wengi waliamini kwamba ziwa linageuza viumbe kuwa mawe papo hapo. Mpiga picha mwenyewe hakuficha kwamba aliwaokota ukingoni wakiwa wamekwisha kufa, akawapanga kwa mikono yake. Huyo ndiye ndege wa ndoto ya mpangaji: hali, hanywi, hahami, wala hapingi tathmini ya athari kwa mazingira.

Najua majibu yenu. La kwanza ni kwamba jirani yetu, Ziwa Magadi la Kenya, limechimbwa kwa zaidi ya miaka 100 na heroe bado wanaonekana huko. Ni kweli, wanaonekana wakila. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, walijaribu kuzalia huko kwa wingi, na magadi yakawagandia makinda miguuni kama pingu, hata watu wakaingia ziwani kuyavunja ili kuokoa maelfu. Kama ziwa la pili lingetosha kuwa akiba, kusingekuwa na haja ya nyundo.

La pili ni kwamba wapiga picha nao ni wasumbufu. Hapo nawaunga mkono bila kejeli. Heroe wakishtuliwa wanaweza kutelekeza koloni nzima, na droni juu ya viota haina utetezi wowote, hata picha yake ikishinda tuzo. Wapigeni marufuku kabisa. Lakini kama kivuli cha droni moja ni hatari, nielezeni kwa nini bomba, pampu na malori ya kiwanda yawe ni maendeleo tu.

La tatu ni zito kuliko yote: vioo na sabuni vinahitaji magadi, na vijana wanahitaji kazi. Sawa. Magadi yako pia Engaruka, chini ya ardhi, mahali ambapo heroe hawatagi. Mradi wa huko una maswali yake ya maji na malisho ya wafugaji, na yajibiwe kwa ukamilifu, lakini unatosha kuonyesha kwamba hatulazimiki kuchagua kati ya ajira na ndege. Kinachotulazimisha ni mazoea ya kuita tupu kila mahali pasipopigwa picha, ingawa bonde la Natron tuliliandikisha chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2001.

Kwa hiyo naomba jambo moja lisilo na gharama. Kila picha ya heroe inayotumika kuitangaza Afrika Mashariki, iwe imepigwa ziwa gani, iandikwe chini yake mahali ndege huyo alipozaliwa. Mkishaandika “Natron” kwenye mabango yote, lifungueni jalada mkitaka, mkasaini mbele ya bango.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mlipa kodi na mtazamaji wa picha

Nakala: Wachapaji wa kalenda