Mtume Mtu Kazi, Usimfuate Nyumbani

Mratibu, tuseme masika yanakaribia na unataka vijana wa kujitolea wakague na kupiga picha mitaro ya Tandale, Kigogo na Jangwani. Kwanza zuia huo mkono unaotaka kuandika kwenye kundi, "Kila mtu anitumie lokesheni." Unatafuta mtaro ulioziba, hutafuti mchumba.

Tuma orodha nzima ya mitaro kwenye simu ya kila mmoja. Simu yenyewe ipige hesabu ya umbali na kumwonyesha mwenyewe iliyo karibu. Yeye akujibu tu: mtaro namba 14 ni wangu. Kazi imepata mtu, na wewe hujui alikolala.

Ukilazimika kujua yuko upande gani, uliza kata. Au programu ipunguze tarakimu kabla lokesheni haijatoka kwenye simu. Tarakimu tano baada ya nukta humweka mtu ndani ya mita moja hivi, yaani hapo hapo kwenye ndoo yake ya maji. Mbili humweka ndani ya kilomita moja hivi, na kwa Tandale hiyo ni halaiki ya watu. Kijijini kilomita hiyo huenda ina nyumba tatu, kwa hiyo panua zaidi. Ukiamua kuivuruga lokesheni, ivuruge mara moja na uiache hivyo. Ukiivuruga upya kila dakika, mwenye subira atatafuta wastani wa hizo bandia zote na kuangukia kitandani kwa mtu.

Wala usijisifu kwamba umefuta majina. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5: nukta nne tu za mahali na saa zilitosha kuwatofautisha asilimia 95 yao na wenzao wote. Nyumbani usiku, kazini asubuhi, msikitini Ijumaa, kliniki Alhamisi. Huyo tayari anajulikana. Hiyo kliniki ndiyo inayoniuma. Dada aliyekubali kupiga picha ya mtaro hakukuruhusu kutunza habari za matibabu yake.

Kwa hiyo picha ikishathibitishwa, baki na mtaro, ufute nyayo za aliyeupiga picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Usingoje kuandikiwa barua. Fungua hilo faili lako la masika yaliyopita, ufute leo.