Jinsi ya Kufunga Njari na Kubaki Nahodha

Umeteremka kutoka Muheto, ukapita Sake na Goma, na leo uko Lamu. Wenyeji wamekuuliza kama unajua chombo, ukajibu ndiyo. Vizuri sana. Sasa tuliokoe jibu lako.

Kwanza, usiguse kana, ule mkono wa usukani. Ikisukumwa kushoto, mashua inakwenda kulia, na wewe umezoea chukudu, baiskeli ya mbao ya Masisi inayoufuata mpini bila ubishi. Utaaibika hata gati hujaliacha. Omba usukani wa njari: kichwani mwake kunakingamishwa mti, kila ncha inatoa kamba, ndiyo njari, nayo inapita kwenye kapi ubavuni hadi mkononi mwako. Vuta ya kulia, omo inageukia kulia. Tena unakaa katikati, kifua mbele, na watalii wa Shela wanakupiga picha.

Pili, kamba. Mafundi watakushauri nailoni. Wasikilize, kisha chukua katani, kwa sababu unahitaji kamba yenye tabia mbaya. Katani ikilowa huvimba na kufupika, ikikauka hulegea. Ifunge ikiwa kavu na uikaze sana: mawimbi yakishailowesha, usukani mzito. Ifunge ikiwa mbichi: jua la saa sita likishapiga, njari zinaning'inia na mashua inajiendea itakako. Kwa vyovyote vile, mkosaji ni kamba. Shika kichwa, usikitike, taja bei ya katani.

Fundo liwe kubwa. Ajuaye hufunga dogo linalofunguka upesi. Wewe rundika vitanzi mpaka watu waone haya kuuliza. Ukiulizwa hata hivyo, sema ni fundo la ziwa Kivu.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Siku moja utazipishanisha njari, ya kulia ukaifunga ncha ya kushoto. Utagundua mkiwa katikati ya mkondo wa Lamu na Manda, ukivuta kulia chombo kinakwenda kushoto, na jahazi lenye mzigo linawajia. Usifungue kitu. Tamka kwa utulivu, “Nilikuwa nawapima mabaharia.” Halafu geuka, ukae ukitazama tezi. Mkono wako wa kulia sasa unaipeleka mashua kulia kwake, kama ilivyo kwenye vitabu. Huoni uendako, lakini kabla ya hapo ulikuwa unaona nini?

Maji yakipwa, fungu la mchanga likausukuma usukani juu hadi rumada, bawaba zake, zikachomoka, njari ndizo zitakazouzuia kupotea baharini. Kwa hiyo zile ncha za kwenye mti zifunge kwelikweli. Samahani, hilo limeniponyoka. Ni la mafundi.

Mwisho, tafuta kijana wa Shela, umpe kafi, akae tezi kabisa, chini, nyuma ya mapipa ya maji. Yeye ndiye atakayeiongoza mashua. Wewe vuta njari kwa madaha, kulia, kushoto, upendavyo, ilimradi umezilegeza zisimsumbue. Abiria wakimwona, waambie unamfundisha kazi. Mlipe kabla ya safari, tena umwongeze: vijana wa Lamu wana sauti, na gatini siku ya Ijumaa pana masikio mengi.